Kabla ya Kulipa Miezi Sita

Karibu kila mwenye simu Tanzania amewahi kupata ule ujumbe wa mtu anayejiita mwenye nyumba wake, anayeomba ile hela ya kodi itumwe kwenye namba nyingine kwa kuwa ya kwake ina matatizo. Tumeutania mpaka umekuwa kichekesho cha nchi nzima. Lakini matapeli wale si wajinga. Wanajua kwamba katika watu wote wanaoupokea hakosi mmoja ambaye kodi yake inaisha wiki hiyo, fedha amekwisha kuzikusanya, na jina kamili la mwenye nyumba wake halijui. Humwita Baba Rehema tu, na kwenye simu kamhifadhi hivyohivyo.

Mpangaji huyo si mzembe. Ndivyo nyumba zinavyopatikana Dar es Salaam, mkoa ambao sensa ya 2022 iliukuta na watu 5,383,728: kwa haraka, kwa mdomo, na kwa fedha nyingi kwa mkupuo. Mtu akikwambia chumba na sebule ni laki na nusu, wewe fikiria laki tisa, maana anasema kodi ya mwezi na anataka miezi sita. Wapo wanaotaka mwaka mzima. Ongeza laki na nusu ya dalali, ambaye kwa desturi huchukua kodi ya mwezi mmoja. Umefika milioni moja na elfu hamsini, na hapo hujalipa hela za kuonyeshwa, kirikuu cha kubebea vyombo, wala kitasa kipya. Ndiyo maana watu hupanga siku ya kuhama kwa kufuata zamu yao ya upatu, au siku kikoba kitakapovunjwa.

Fedha hizo za mkupuo ndizo zinazoamua kila kitu. Anayelipa mwezi kwa mwezi akikuta bomba halitoi maji, anavumilia wiki tatu anaondoka. Aliyelipa miezi sita atavumilia miezi sita, kwa sababu ni nadra mwenye nyumba kurudisha kodi, na si kwa roho mbaya kila mara: fedha zenyewe hana tena. Nguvu ya mpangaji iko yote kabla ya malipo. Akishakabidhi, kinachobaki ni kuomba.

Na fedha zimekwenda wapi? Nyumba nyingi za kupanga hapa si za kampuni. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, lina majengo yake, yakiwemo yale yaliyotaifishwa 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba kabla ofisi hiyo haijaunganishwa na shirika mwaka 1990. Lakini kupata nyumba ya shirika Upanga au Kariakoo ni habari nyingine, na aliyemo hana haraka ya kutoka. Wengine wote tunapanga kwa watu binafsi: mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo, mama aliyeachiwa nyumba na marehemu mumewe, kijana aliyeko nje anayejenga kwa kumtumia hela shemeji yake. Hawa hujenga kidogokidogo, bila mkopo wa benki. Kodi yako ya miezi sita ndiyo bati la vyumba vya uani, ndiyo ada ya shule ya Januari. Wewe ndiye benki yao, tena benki isiyotoza riba.

Ukilijua hilo unajua pia namna ya kupatana. Mwenye nyumba ambaye mafundi wanamsubiri hatakubali miezi mitatu hata umpigie magoti, ila anaweza kushusha kodi yenyewe ukimhakikishia sita leo. Yule ambaye chumba chake kimekaa kitupu muda mrefu ndiye wa kumwomba mitatu. Na chumba kilichokaa kitupu hakifichiki: vumbi limejaa kwenye fremu za dirisha, bomba likifunguliwa linakohoa kwanza kisha linatoa maji ya kutu, buibui wamejijengea juu ya mlango wa choo. Ukiyaona hayo usimwambie dalali. Subiri ukutane na mwenye nyumba, umwambie kwa adabu, mkiwa wawili.

Mkenya anayehamia Dar hushangaa sana kusikia habari hii ya miezi sita. Nairobi mtu hulipa mwezi mmoja na amana ya mwezi mmoja, anaingia. Wana vita vyao vya kurudishiwa amana wakati wa kuhama, lakini kosa la kuchagua nyumba mbaya kule hugharimu wiki chache tu. Hapa linagharimu nusu mwaka.

Sasa dalali. Tunamsema vibaya, na mara nyingi anastahili, lakini jiji hili halina orodha kamili ya nyumba zilizo wazi isipokuwa ile iliyo kichwani mwake. Anajua nani anahama Sinza mwisho wa mwezi, nani kagombana na mwenye nyumba Mabibo, wapi kuna vyumba vipya ambavyo rangi haijakauka. Kasoro yake ni moja: yeye hulipwa siku unayolipa wewe, na baada ya hapo haulizwi kitu. Tena mara nyingi si mmoja. Unampigia yule uliyeona namba yake kwenye nguzo ya umeme au mtandaoni, yeye anampigia mwenzake wa mtaa husika, huyo anampigia anayejua funguo ziko kwa nani. Mkifika getini mko wanne, na kila mmoja anahesabu mgawo wake.

Niliwahi kuzungushwa Tabata na Segerea Jumamosi nzima na kijana mmoja mchangamfu sana. Tuliposimama nje ya geti la nyumba ya mwisho, akanishika mkono.

“Bosi, hii ina watu watatu wanaitaka. Mimi nakufichia tu.”

“Maji je?”

“Maji bwerere.”

Geti likafunguliwa. Madumu ya njano yalikuwa yamepangwa kandokando ya ukuta wote wa uani, kila dumu limeandikwa jina la mpangaji kwa makapeni. Mama mmoja alikuwa anafua kwa maji ya beseni moja, yale ya kusuuzia akiyaweka pembeni kwa ajili ya choo.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba baba, karibu.”

“Asante. Maji hapa hutoka siku gani?”

“Alhamisi usiku,” akasema. Kisha akaongeza, “Yakitoka.”

Dalali akaanza kunionyesha gipsamu.

Hela ya kuonyeshwa nyumba mkubaliane kabla hujapanda bodaboda: ni kiasi gani, na ni kwa siku nzima au kwa kila nyumba. Ukikubali kwa kila nyumba utaonyeshwa nyumba nyingi, nyingine zikiwa na watu wanaopika chakula cha mchana. Na hela ya “kushikilia” usitoe kwa nyumba ambayo hujaingia ndani kwa miguu yako. Picha za mtandaoni za nyumba yenye tailizi, fensi na paking, kwa bei isiyolingana na mtaa wake, nyingi ni ndoano. Wapo hata wanaokodi nyumba yenye samani kwa siku chache, wakaitembeza kwa wapangaji kama yao, wakakusanya kodi kwa kila mmoja na kutoweka. Waliotapeliwa hukutana siku ya kuhamia, kila mmoja na kirikuu chake mlangoni. Hapo kuingia ndani kwa miguu yako peke yake hakukusaidii, na nitaeleza mbele kinachosaidia.

Nyumba ikikupendeza, rudi bila dalali. Ulizia kwa Mangi wa duka la karibu huku ukinunua kitu chochote, hata vocha. Mangi ndiye anayewauzia watu umeme, mkaa na mkate wa kukopa. Anajua mpangaji aliyetoka alitoka kwa nini, na mwenye nyumba akilewa hufanya nini. Bodaboda wa kijiweni watakwambia bei ya kutoka barabara kubwa mpaka pale saa nne usiku. Bei hiyo ihesabu kama sehemu ya kodi. Chumba cha Goba ndani au Chanika kinaweza kuwa nafuu kwa elfu hamsini kuliko cha Ubungo, lakini bodaboda ya elfu mbili kwenda na elfu mbili kurudi, kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 104,000 kabla hujapanda daladala. Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze kazi mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, wenye nyumba walio karibu na vituo wanajua thamani ya kuvuka barabara tu ukapanda basi, na wanailipisha. Mara nyingine inafaa kuilipa.

Nenda usiku pia. Mchana mtaa wote unapendeza. Baa iliyolala saa sita mchana ndiyo itakayokuamsha saa nane usiku, na huwezi kumdai mtu fedha kwa sababu ya spika.

Kuhusu mvua niseme kidogo zaidi, kwa sababu watu wengi hutafuta nyumba wakati wa kiangazi na kuishi humo wakati wa masika. Bonde la Msimbazi linajulikana. Mafuriko ya Desemba 2011 yalimfundisha kila mtu jina la Jangwani. Lakini mabonde madogo yasiyo na jina yako kila mahali: Tandale, Mikocheni, Kigogo, Mbezi. Maji huacha alama. Tazama ukuta wa nje kwa chini, uone kama kuna mstari wa tope unaokwenda sambamba na ardhi na kupita nyumba mbili tatu. Tazama kama kizingiti cha mlango kimeinuliwa kwa tofali ambalo nyumba nyingine hazina. Rangi mpya iliyopakwa kuanzia sakafuni hadi kiunoni, huku juu imeachwa ya zamani, si mapambo. Na uliza chemba ya choo ilinyonywa lini, kwa sababu gari la majitaka lisipoweza kuingia uchochoroni, mvua kubwa ndiyo itakayofanya kazi hiyo.

Umeme nao uulize mbele ya wapangaji wengine. “Una LUKU yake” ni kauli moja, na “mnashea LUKU vyumba vitano” ni maisha tofauti kabisa. Mita ya pamoja huzaa ugomvi usioisha kati ya mwenye friji, mwenye pasi na yule anayesema yeye ana taa moja tu. Submita hupunguza kelele, ingawa lazima ujue nani anaisoma na kwa bei gani ya uniti. Kuna na hili: tangu 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye ununuzi wa umeme, mwanzoni ikiwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi ile ni ya mwenye nyumba. Anayenunua umeme ni wewe. Ni hela ndogo, lakini mwulize mapema ataifidia vipi. Jibu lake litakuonyesha mtu unayekwenda kuishi kwake.

Swali la maji nalo lina namna yake. Ukiuliza kama maji yapo, utaambiwa yapo. Uliza Oktoba 2022, Mto Ruvu ulipopungua na jiji likawekwa kwenye mgao, hapa mlikuwa mnachota wapi. Penye kisima au tenki kubwa watajibu bila kufikiri. Pasipo na kitu watacheka.

Mwenye nyumba naye ana maswali yake, na usione vibaya. Umeoa? Watoto wangapi? Unafanya kazi wapi? Mabachela huogopwa kwa wageni, wenye watoto wengi kwa choo na maji. Mwanamke anayeishi peke yake huulizwa mambo ambayo hakuna mwanamume anayeulizwa, na kwa kweli yule anayeuliza sana kuhusu nani atakuja kumtembelea ndiye wa kukimbia, nyumba iwe nzuri namna gani. Jibu kwa heshima, kisha nawe uliza lako. Lililo muhimu kuliko yote ni hili: nyumba ni ya nani?

Hapa ndipo nilipoahidi kurudi. Sehemu kubwa ya makazi ya Dar yalijengwa bila kupimwa, kwa hiyo usitegemee kila mtu atoe hatimiliki. Atakuwa na leseni ya makazi, au karatasi ya mauziano iliyoshuhudiwa na serikali ya mtaa. Zote zina jina. Jina hilo lifanane na kitambulisho cha anayepokea fedha, na lifanane na jina linalotokea kwenye simu au akaunti unapotuma. Majina matatu yakitofautiana, simamisha zoezi, na usikubali kuharakishwa. Kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa au kwa mjumbe, uulize. Nusu saa ya benchi pale inatosha, na huyo tapeli wa nyumba yenye samani hawezi kukufuata mpaka huko.

Tatizo gumu zaidi si tapeli. Ni nyumba ya familia. Baba alifariki, aliacha watoto saba, na yule anayeishi palepale ndiye anayepangisha na kupokea kodi. Si mwizi, huenda ndiye aliyemuuguza mzee. Ila mwezi wa tatu anatokea kaka kutoka Mwanza akisema hajawahi kuona senti, anataka nyumba iuzwe, na anakupa wiki mbili. Ukimwonyesha risiti anakuuliza aliyesaini ni nani katika nyumba hii. Kwa hiyo ukisikia neno “nyumba ya mzee”, uliza kwa upole kama mirathi imefunguliwa na nani ni msimamizi aliyeteuliwa na mahakama. Huyo ndiye wa kusaini. Kama mirathi haijafunguliwa na bado unakitaka chumba, basi angalau ndugu wengine walio karibu waweke sahihi kama mashahidi, na usilipe zaidi ya miezi mitatu.

Na angalia ukuta wa mbele kama una alama ya X ya kubomolewa. Waliopanga kandokando ya Barabara ya Morogoro wanakumbuka bomoabomoa ya 2017, Kimara kuelekea Kiluvya, barabara ilipopanuliwa. Alama ile inaweza kupakwa rangi, lakini jirani naye atakuwa nayo, na hajapaka.

Mkataba usiandikwe siku ya kuhama, vyombo vikiwa juani. Andikeni kabla. Karatasi zile zinazouzwa steshenari zikiwa zimechapwa tayari zinafaa kwa kuanzia, ila nafasi tupu ndizo zenye maana. Majina kamili na namba za vitambulisho. Tarehe ya kuanza na ya kwisha, si “miezi sita” tu. Kiasi, kwa tarakimu na kwa maneno. Nani anatengeneza nini; ukiacha hili wazi, koki ya elfu nane itawagombanisha kuliko kodi. Notisi ni ya muda gani kwa kila upande. Na kile ambacho watu huona aibu kukitaja: nyumba ikiuzwa, au ukihamishwa kikazi kabla ya muda, kodi iliyobaki itarudishwaje. Mwenye nyumba anaweza kukataa kuirudisha. Sawa, liandikwe kwamba utaruhusiwa kuleta mpangaji mwingine amalizie muda wako. Wengi hukubali hilo kwa sababu halimgusi mtu mfukoni. Wekeni sahihi mbele ya serikali ya mtaa au wakili, kila mmoja abaki na nakala, na siku hiyohiyo piga picha kuta, vioo, masinki na namba iliyopo kwenye mita.

Kuna wanaosema mkataba wa nini, mbona tunaaminiana. Sheria ya Ardhi ya 1999 inakubali hata upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja ulioafikiwa kwa mdomo, kwa hiyo asiye na karatasi si kwamba hana haki. Ila atathibitisha vipi? Zamani kulikuwa na Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya 1984, ikafutwa 2005, na tangu hapo bei ya chumba na miezi ya kulipa ni mapatano yenu wawili. Wanasiasa wamelaani kodi ya miezi sita mara nyingi na vyumba vimeendelea kupangishwa kwa miezi sita. Mgogoro ukizuka, Baraza la Kata siku hizi hupatanisha tu; shauri lenyewe husikilizwa na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenye nyumba hana ruhusa ya kung’oa mlango au kukufungia vyombo kwa kufuli lake kwa sababu mmekosana, lakini kumpeleka kule huchukua muda, na huo muda wote unahitaji mahali pa kulala. Ndiyo maana nasisitiza yale ya kabla.

Ukishapata nyumba, weka alama kwenye kalenda mwezi wa nne tangu uhamie. Mwezi wa tano mwenye nyumba atakuja, atakaa kwenye kochi, atauliza habari za watoto, kisha ataeleza jinsi saruji ilivyopanda. Huo ni utangulizi wa kodi mpya. Ukiwa umekwisha kuzunguka mwezi mmoja kabla na kujua vyumba vya mtaa wa pili vinakwenda kwa kiasi gani, mtaongea vizuri, na pengine atakuachia kwa bei ya zamani, maana mpangaji asiye na ugomvi naye hatafutwi kirahisi. Asipokuachia, una wiki sita au saba za kutafuta bila jasho. Anayeanza mwezi wa sita atachukua chumba cha kwanza atakachoonyeshwa, na dalali humsoma hilo usoni kabla hajashuka kwenye bodaboda.